Kuchagua Ngege Dunga

Dada Perisi, pokea salamu kutoka kwenye joto la ziwa.

Leo Mjomba alinileta Dunga, hapa ufuoni, tule samaki. Hapa mteja huchagua ngege mbichi ndipo akaangiwe. Niliinua mmoja, nikamrudisha, nikainua mwingine, nikamrudia yule wa kwanza, mpaka watu nyuma yangu wakanuna.

"Bwana mteja," mama samaki akauliza, "unanunua ama unaoa?"

"Ana pepo huyo," Mjomba akawatangazia. "Jumapili anaombewa, na zile dawa za hospitali zinatupwa ziwani."

Mjomba, ambaye ubongo pekee anaoujua ni wa mbuzi! Daktari alinieleza vizuri huu ugonjwa wangu wa kurudiarudia: sehemu ya mbele ya ubongo wangu hupiga kengele ya hatari, na sehemu ya ndani inayopaswa kuizima haiizimi. Ndiyo maana jibu nalijua na bado najiuliza.

Mama samaki akanyoosha mkono anichagulie. Nikamzuia. Nikaonyesha mmoja, nikasema, "Huyu." Mjomba akacheka hadi akakohoa. Acheke. Dawa zangu ninazo mfukoni, nitazimeza, na Jumapili akaombewe yeye.

Wabusu watoto, na wewe ulale vizuri.

Mdogo wako, Elija