Saa Moja Aliyobaki Nayo Baruti

Kisangani, Jumapili, Oktoba 1956. Mvua tangu misa ya kwanza.

Katika cité yote hii, mitaa yetu sisi weusi, hakuna mutu aliyezaliwa na bahati kama yangu. Wengine Mungu amewapa baiskeli mpya, wengine amewapa duka. Mimi amenipa Baruti, rafiki anayeweza kukaa kifua wazi ili mimi nivae mashati mawili.

Naandika hivyo nikiwa nimelowa mpaka soksi.

Bon. Niseme yote. Baruti anabeba mizigo kwenye uwanja wa ndege, na juzijuzi patron wake alimtuma Léopoldville kwa ndege, asindikize shehena. Mimi safari yangu ndefu kuliko zote ni ya lori la kwenda Bafwasende. Lakini Papa Losala, baba yake Tereza, amesema hatampa binti yake kijana ambaye hajaiona dunia. Alors nikamwomba Baruti anipe safari yake niisimulie kama yangu. Akacheka: "Chukua, ndugu. Yangu iko yako."

Akanifundisha pamba ya masikio, pipi wanazogawiwa abiria, mto unaoonekana chini kama kamba iliyotupwa. Kilomita zaidi ya elfu, masaa manne. Wenye kupanda meli wanamaliza wiki na zaidi. Sisi (ona, tayari nasema sisi) tunamaliza asubuhi moja. Nilirudia mpaka masikio yakaziba kweli.

Leo tukaenda kwa Papa Losala, Baruti akiwa msemaji wangu wa posa. Nikasimulia. Mama yake Tereza alishika kifua ndege ilipoyumba. Tereza alichungulia mlangoni, akatabasamu, nami nikaongeza mawingu ambayo hata Baruti hakuyaona. Papa alikuwa ameshaanza kuniita mukwe.

Ndipo Baruti, akitoa mwiba wa samaki mdomoni, akasema taratibu: "Ndugu Musafiri, waambie basi. Ulitoka hapa saa mbili asubuhi. Kule uliposhuka, saa ya ukutani ilikuwa ngapi?"

Shule niliiacha mapema, lakini mbili na nne najua kujumlisha. Nikasema saa sita.

"Saa tano," akasema Baruti. "Léopoldville iko nyuma yetu saa moja. Mutu aliyeshuka pale hawezi kusahau. Mimi nilirudisha mishale ya saa na mukono yangu."

Papa Losala alinitazama kama anayetazama samaki aliyelala siku mbili. "Kumbe Musafiri iko jina tu."

Mlangoni Tereza hakuwapo tena. Nikapewa kofia yangu. Baruti akaombwa abaki, aeleze vizuri habari ya ndege.

Akabaki.

Kushikwa na uongo siyo kitu. Nimeshashikwa mara nyingi, na mara nyingine tulikunywa pamoja na walionishika. Kinachoniuma ni kwamba alinipa safari nzima, pamba na pipi na mto, akabakisha saa moja mfukoni. Donc tangu siku ya kwanza alijua ataitoa wapi, na mbele ya nani.

Nimepika fufu ya watu wawili, mazoea. Yeye bado yuko kule, na koti lake la mvua alilolisahau jana linaning'inia hapa kwangu. Nimesimama mara mbili nimpelekee. Nimekaa.

Pale juu nimeandika kwamba nina rafiki. Ni uongo. Sina.