Jumapili Tuliyokwenda Kuona Kichwa cha Treni

Likasi, Jumapili, mwezi wa saba. Baridi kavu, na upepo wa vumbi tangu asubuhi.

Leo tumekwenda bustanini. Ninaandika nikiwa nimekaa kizingitini, jua bado halijazama, maana mafuta ya taa ni kidogo na moyo wangu hautaki kungoja.

Wazo lilikuwa la mume wangu, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Tangu kampuni ya migodi iache kuwalipa watu wa karakana, Baba Ngoie hatoki siku ya Mungu. Akirudi misa hulala kifudifudi hadi jioni. Lakini leo, tulipotoka kanisani, akasema tuwapeleke watoto kwenye ile bustani ya mtaa wa zamani wa Wazungu wakacheze. Hata mama yake, ambaye watoto humwita Kambo, akaombwa aje.

Nilifurahi kama mjinga.

Kutoka mtaa wetu wa Kikula ni mwendo. Sifa, mdogo wetu, alipanda mabega ya baba yake. Dada yake, Ngoie, alitangulia mbio, akisimama kila njia panda kutuuliza tupite wapi. Mimi nilibeba viazi vitamu vya kuchemsha, nimevifunga kwenye kitambaa. Ndicho chakula kilichokuwepo.

Nilipokuwa msichana, bendi ya kampuni ilipiga pale bustanini kila Jumapili, chini ya paa la mviringo, na wanawake walikuja na viatu vyao vizuri. Leo nyasi ni za njano, zinafika magotini. Bwawa la samaki limekauka. Bembea imebaki moja. Familia nyingi tulizokuwa tukikutana nazo pale zilifukuzwa mkoani kwa kuitwa wageni, zikaondoka kwa treni na mabegi yao, na hazikurudi. Ngoie bado anawaulizia rafiki zake wawili kwa majina.

Hata hivyo, vitu vya kale bado vipo. Lipo tanuru la udongo linaloonyesha jinsi babu zetu walivyoyeyusha shaba kabla kampuni yoyote haijafika, ingawa kibao cha maelezo kimeng'olewa. Na kipo kichwa cha treni, cha wakati wa makaa na mvuke, cheusi, kirefu, kimesimama juu ya kipande chake cha reli kisichokwenda popote.

Watoto walikipanda kabla hata hatujakaa. Ngoie akawa dereva. Alitupeleka Kambove, akatupeleka Lubumbashi, akarudi kumchukua mtu aliyesahauliwa. Sifa alikuwa abiria na honi pia. Sijawasikia wakicheka hivyo tangu mvua ziishe.

Nilikuwa ninawatazama wao. Kisha nikamtazama baba yao.

Alikuwa anakizunguka polepole. Aligonga bati kwa vifundo vya vidole, akatega sikio. Aliinama akachungulia chini ya tumbo la mashine, akafuata bomba moja kwa kiganja mpaka linapoishia. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea na kukata vyuma. Ninaijua sura yake anapopima kazi.

Nikajua hatukuja kucheza.

Nilimwita kando, nikamuuliza. Hakunidanganya, na hilo ninamshukuru. Alisema kuna mtu sokoni anayenunua vyuma na shaba chakavu, ambaye ana chupa za gesi ya kukatia na lori, ila hana fundi. Anataka mabomba kwanza, halafu magurudumu. Malipo ni unga wa mahindi, magunia, si noti hizi zinazooza mfukoni. Mlinzi wa bustani aliacha kuja siku nyingi, hakuna wa kuuliza. Mtu huyo atapita nyumbani jioni hii kuchukua jibu. Alisema yote haya akitazama viatu vyake.

Kabla sijamjibu, Kambo akasema nyuma yetu. Nilidhani ameketi na viazi vyake. Yeye ni mzee, mjane wa mtu wa reli, nami nilitegemea atakasirika kusikia mwanawe anataka kukikata kitu cha ukumbusho.

"Ikate, mwana yangu," alisema. "Chuma hakuna muntu anakula."

Mume wangu alinyanyua uso.

Ndipo Kambo akatueleza. Baba mkwe wangu alipoteza mkono, hilo sote tunalijua. Mimi nilidhani ni ajali ya ghala. Kumbe alikuwa akiunga mabehewa, alfajiri, nyuma ya kichwa cha treni kama hiki, na dereva hakumwona. Baadaye walimpa kazi ya kufungua geti. Kambo hajawahi kukikaribia kile kitu miaka yote bustani ilipokuwa nzuri. Alikuwa anakaa upande wa maua na kusema miguu inamuuma. Hata leo alikuwa amekaa mbali. Wengine wanakiona kama ukumbusho, alisema, lakini kwake yeye ni kitu kilichomuumiza mumewe na kuachwa pale kipambe mtaa wa wakubwa.

Ningemwambia nini? Kwamba mtoto wangu anacheka ndani yake?

Lakini niliwaza magunia. Niliyaona yakiingia ndani, nikayaona yakipungua. Nikamwona Baba Ngoie akipimapima kitu kingine, geti la kanisa, nguzo za umeme, na askari wakija.

"Baba Ngoie," nilimwambia, "ile bunga ya mahindi itakwisha. Kisha utakata nini?"

Nami nikaendelea kabla sijaogopa. Nilisema nina vitenge vyangu sandukuni, vile vizuri vya harusi, ambavyo sijavishona. Kule Kapolowe watu wamevuna mahindi na hawana nguo. Lori huondoka sokoni asubuhi. Nitakwenda kubadilisha mwenyewe, na nikirudi na mahindi nitauza sehemu, nitanunua chumvi na sabuni, nitakwenda tena.

Nilijua ninapogusa. Tangu tuoane alijisifu kwamba mke wake hahitaji kuzurura vijijini na mzigo kichwani. Kampuni ilitoa mposho kila mwezi, unga, mafuta na samaki, na mke wa fundi alikaa nyumbani akiungojea. Mposho umekwisha, lakini ile sifa hakuiachia. Tumeilisha muda mrefu kuliko watoto.

"Bantu batasema nimeshindwa," alisema.

"Baseme. Minye nitakuwa Kapolowe, sitabasikia."

Kambo aliguna. Sikujua kama ni kicheko.

Tukashika njia ya kurudi nyumbani. Njiani nilikuwa na hakika nimeharibu Jumapili ya watu wote. Sifa alilala begani mwa baba yake akiwa na kutu kwenye viganja vyote viwili, na baba hakumfuta.

Yule mtu alikuja muda si mrefu uliopita. Nilikuwa jikoni, sombe ya majani ya muhogo iko motoni. Baba Ngoie hakumkaribisha ndani. Alisimama naye njiani. Nilisikia akimwambia atafute fundi mwingine. Yule mtu hakubishana. Alisema mafundi ni wengi, akaenda zake.

Ni kweli, mafundi ni wengi. Pengine juma lijalo wataanza, na Ngoie atakuta reli tupu. Sijidanganyi kwamba tumeokoa kitu. Mume wangu amekataa tu kuwa yeye wa kukikata. Kwangu hilo ni kubwa, lakini kesho jioni mtungi wa unga utakuwa mtupu vilevile, ndiyo maana sharti niende.

Nimetoa vitenge, nimevipanga kitandani. Kile cha kijani nilikishika kidogo zaidi. Halafu nikakiweka pamoja na vingine.

Kambo aliingia nikiwa nafunga mzigo. Aliutazama, akaniuliza kama ninajua lugha ya kule. Nikasema Kiswahili kitatosha. Akatikisa kichwa. Akanikumbusha kwamba yeye alizaliwa upande ule, na kwamba mwanamke wa mjini akifika na vitenge vizuri na ulimi wa Likasi atapewa debe la mahindi yenye wadudu na kuambiwa asante.

"Tutaenda bote," alisema. "Weye utabeba, minye nitasema."

Sikutegemea hilo. Mchana alitaka kichwa cha treni kikatwe, na sidhani amebadili mawazo. Ila sasa anatafuta viatu vyake vya safari chini ya kitanda, na ananituma nimletee shuka la kujifunika lorini.

Baba Ngoie yuko uani na watoto. Amewaambia kesho atawapikia yeye mwenyewe bukari, ugali wa unga uliobaki. Ngoie amemuuliza kama anajua kuipika, na yeye amesema atajifunza. Hajaniambia nenda. Ila amechukua kamba yake nzuri, ile ya karakana, akaufunga upya mzigo wangu kwa fundo ambalo mimi nisingeliweza.

Sijawahi kulala ugenini bila yeye. Sijawahi kuuza hata nyanya. Na kuna lori, na watu wa vizuizi njiani wanaodai hongo.

Kukicha nitakwenda hivyohivyo, nikiogopa.