Kikombe cha Bati cha Baba

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na kifua? Baba mdogo ameniandikia kwamba siku hizi unafika getini na kurudi bila mkongojo. Nimefurahi, ingawa nakujua: hata ukiwa unatambaa, ukiulizwa utajibu sijambo. Sisi huku wazima. Cherehani yangu inanguruma kutwa nzima, mapazia ya hoteli hayaishi, na mgongo ndio huo.

Barua yangu ya mwezi uliopita ilikuwa fupi, na najua uliguna ulipoisoma. Niliandika tu kwamba farasi wako, Bibi Harusi, amepata banda, anakula vizuri, na maji ya pale nimeyaonja ni matamu. Leo nakueleza yote. Tafadhali kaa chini kwanza.

Mwenye uwanja tulipokuwa tukimweka aliuuza, akanipa siku kumi na nne niwe nimemwondoa. Mnunuzi wa ngozi akapata habari kabla sijamaliza hata kulia. Alikuja mpaka karakana kwetu, akanipima kwa macho kana kwamba farasi ni mimi, akasema farasi aliyezeekea kwenye gari la mikate hana kazi nyingine ila kuchinjwa. Nilimfukuza na mkasi mkononi. Lakini maneno yake yakaniganda kichwani. Nikikosa banda, Bibi Harusi ni wake.

Basi nikabeba kikombe chako cha bati, nikaanza kuzunguka pembezoni mwa mji. Sikusahau agizo lako, kwamba maji ya hori analonyweshewa farasi yanywewe kwanza kwa kikombe hicho, na yakikataa kushuka kooni, niondoke na mnyama wangu.

Banda la kwanza lilikuwa na sakafu inayong'aa, na farasi wamefunikwa mablanketi mazuri kuliko shuka zangu. Mwenyewe, mama mmoja wa miwani, alinitajia bei, nikacheka nikidhani anatania. Wapi! Horini mwake mlikuwa na utando wa kijani, na nilipomnyooshea kikombe aonje, aliniuliza kama nina akili timamu. Bei yote ile, na uchafu juu!

La pili lilikuwa nyuma ya machinjio. Ptuu! Hata kuandika tu, mate yananijaa. Samadi ilinifika vifundoni, nzi wakaniingia mdomoni nilipobisha hodi, na ndani ya hori alielea panya, tumbo limevimba, miguu juu. Msimamizi akamtoa kwa mkia, akamrusha ng'ambo ya ukuta, akaniambia haya, sasa maji ni safi. Nilitapika palepale mlangoni. Na alikasirika, Baba! Eti nimemchafulia.

La tatu lilikuwa la mzee mmoja wanayemwita Cheko, kwa kuwa hachelewi kucheka. Bei yake niliimudu. Hori lilikuwa ndani gizani, likinuka kama nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye ndoo. Nikampa kikombe. Akachota kikajaa, akanywa chote, akajifuta masharubu, akachota cha pili. Nikajiambia hakuna mtu anayekunywa uchafu wake mwenyewe. Siku hiyohiyo nikamkabidhi kamba, nikarudi nyumbani naimba.

Wiki tatu sikukanyaga kule, kisa mapazia. Nilipokwenda, nilimkuta Bibi Harusi amesimama kwenye majani yaliyooza kwa mkojo, mbavu nje, lile baka lake jeupe la usoni, shela la bibi harusi, limekuwa la njano, analamba ukuta unaovuja mvua. Niliinua mguu wake wa mbele kama ulivyonifundisha, nikanusa ukwato. Umeoza. Nikabonyeza kwa kidole, kikazama kwenye ute mweusi. Nimekisugua kidole hicho kwa sabuni mpaka kimechubuka, na bado nausikia ule uvundo.

Nikamvaa Cheko, nikamuuliza aliyanywaje maji yale. Akacheka. Akasema tangu augue homa utotoni hasikii harufu wala ladha. Kwake supu na maji ya kufulia ni kitu kimoja, tofauti ni joto tu. Aliona nimemkaribisha kinywaji, akaona si adabu kukataa.

Daktari wa mifugo alisema farasi alikuwa amesusa lile hori, utumbo umemkauka. Siku mbili zaidi tungemfukia.

Baba, panya yule alinitia kinyaa, Cheko alinitia kinyaa, lakini ninayemwonea kinyaa zaidi ni mimi. Nilikuandikia kwamba nimeyaonja. Uongo mtupu. Sikuonja popote. Ile harufu ya hori la Cheko ilinifika puani nikajua, nilijua kabisa, ndiyo maana nikampa mwingine anywe. Wewe hukuniambia nimnyweshe mtu. Uliniambia ninywe mimi.

Sasa Bibi Harusi yuko kwa mama mmoja mkulima wa mboga, nje kidogo ya mji, mwenye punda wawili na kisima. Ananitoza kidogo na mimi namshonea nguo. Nilikunywa vikombe viwili mbele yake. Maji yana kutu kidogo, lakini yalishuka. Ukwato unapona, ingawa daktari anasema atachechemea maisha yake yote.

Ila nikimpelekea ndoo haigusi. Ananitazama tu. Mpaka nichote kwa kikombe chako, ninywe, aone koo langu linameza, ndipo naye anainamisha kichwa. Kila asubuhi kabla ya kazi tunakunywa hivyo, mimi kwanza.

Msalimie baba mdogo na mama mdogo, na watoto wote. Kama umekasirika, niandikie kwa hasira hizohizo, nitasoma mpaka mwisho.

Ni mimi mwanao,
Kidomo