Maji ya Hospitali Shambani kwa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Agosti
...na kweli, hata akinuka matope nampenda. Marwa wangu! Wiki tatu tu za ndoa, na bomba kuu la kutoka bwawani limepasuka. Ameondoka alfajiri na mafundi wenzake. Mimi niko hapa kwenye tangi la maji la mji, Mugumu, nashika koki kwa niaba yake. Agizo: mitaa yote ifungwe, laini ya hospitali tu ibaki wazi mpaka bomba liungwe. Maji yaliyopo yataisha tukizembea. Nimefunga. Nimebusu picha yake kwenye simu.

Jumanne, 4 Agosti
Wanawake getini na ndoo.
"Bibi harusi, wewe unaoga nini?"
"Jasho la mume wake!"
Tukacheka wote. Kisha wakaondoka na ndoo tupu, hawacheki tena.

Mchana akaja baba mkwe. Kwetu Wakurya mke mgeni haongei na baba wa mume wake, wala hamtazami. Nikajificha nyuma ya tangi. Akakohoa. Akaita "Marwa!" mara mbili, akaenda zake. Sikutoa hata pumzi. Marwa atajua ameoa mwanamke aliyelelewa kijijini kwetu Nyarero, akaleleka. Najivunia!

Jumatano, 5 Agosti
Tangi linashuka upesi mno. Sielewi. Hospitali wanasema kwao yanatoka kidogo tu. Marwa hapatikani, kule mtandao hakuna. Naogopa.

Alhamisi, 6 Agosti
Tangi tupu. Wodi ya wazazi haina maji. Nimeona mjamzito akishuka kwenye bodaboda na dumu lake mwenyewe. Nimelia.

Marwa amerudi jioni. Bomba kuu limeungwa. Lakini amepita kwa baba yake, akakuta laini ya hospitali imepasuka katikati ya mihogo. Maji yote yamemwagikia pale. Mzee alikuja Jumanne kutuambia. Alijua niko nyuma ya tangi. Lakini mimi ni mkwewe, angesemaje nami? Akarudi nyumbani kumsubiri mwanawe.

Marwa hakufoka. "Si ungewafuata hata wale wanawake wa getini waje wamsikilize?" Basi. Afadhali angefoka.

Jumamosi, 8 Agosti
Wameziba laini ya hospitali. Pampu ya bwawani inajaza tangi tena. Nimefungulia hospitali kwanza, kisha mitaa. Muuguzi kanisimulia kwa simu: Alhamisi mtoto alizaliwa, wakamfuta kwa kitenge kikavu. Mama alisubiri dumu la ndugu zake hadi asubuhi. Wazima wote wawili. Nashukuru. Sina raha.

Jumapili, 9 Agosti
Marwa amelala, udongo bado kwenye kucha. Mzuri jamani, hata hivyo. Anasema shangazi yake anaweza kukaa kati yangu na mzee: niseme kwake, naye amfikishie. Sijui nitaanza na neno gani. Mihogo ya upande wa chini imeoza.

Kabla mwezi huu haujaisha tutakwenda kwa mzee, mimi, Marwa na shangazi.