Manowari ya Mjapani kwenye beseni la kinyozi

Mdogo wangu Hamisi,

Salamu toka Durban. Upepo mkali, lakini mimi chuma.

Kinyozi mmoja Mkongo hapa mjini kachonga manowari ya Wajapani, ya kabla ya vita vya Hitla. Nyembamba, juu mizinga tele. Nikasema, mimi fundi boti wa Kigoma sidanganywi, hii itapinduka. Akaitia kwenye beseni la maji. Ikalala ubavu!

“Papa, uko na macho! Ile ya kweli ilikuwa vilevile. Wajapani walitoa mizinga ingine, wakaongeza uzito chini, ndiyo ikaenda vita.”

Nikauliza maswali mpaka wateja wakanuna.

Sasa ghorofa uliyoongeza kwenye boti yako, ibomoe kabla hujaishusha ziwani. Wajapani walikubali, sembuse wewe? Watakaopanda humo ni wajukuu zetu, nami nawapenda kuliko ubishi wako.

Kakako, Fundi Mkuu