Jina la Anastazia

Thorncliffe Park, Jumapili, Februari 2013

Neema amenikera. Mjukuu wangu huyu anaandika habari za miaka yangu katika chuo cha wasichana, wakati wa vita vya Kagera. Nilimweleza kwamba Anastazia, mwenzangu wa maabara, alikwenda kwao mpakani kuwatafuta wazazi wake, asirudi. Muhula mzima niliandika majina yetu mawili kwenye kila ripoti ya kemia, na mwalimu akatupa alama sote wawili.

“Bibi, mliiba maksi!” Akacheka.

Nilimkaripia. Akauliza kwa upole, “Jina la baba yake nani, Bibi? Nataka nimwandike kamili.”

Nilimjibu kwamba nimechoka.

Sura ya Anastazia naiona. Jina la baba yake silikumbuki, na sina wa kumuuliza.