Plagi ya Pampu Ninayo Mimi

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Maji ya kuoshea vyombo mmwagilie mpapai, msiyatupe.

Wewe mkubwa, usihangaike kutafuta plagi ya pampu. Ninayo mimi.

Asubuhi nilishuka mtoni kusoma kipimo cha maji kwenye nguzo, kama ninavyofanya kila siku tangu baba yenu afariki. Maji yalikuwa juu ya mstari mwekundu. Nikafurahi, nikaandika kwenye daftari lake. Halafu nikaliona shimo la nguzo kwenye mchanga mkavu, hatua tano kutoka majini. Nguzo umeihamishia kilindini, mwanangu. Jembe lako bado lina tope.

Baba yenu aliwaahidi majirani wa chini ya mto kwamba maji yakishuka chini ya mstari ule, tunazima pampu. Sasa wanachota matope kwa vikombe, na mimi naandika kwamba mto umejaa. Najua utasema, "Mama, sikutaka uhuzunike." Na bustani zako unazomwagilia kwa pampu je, nazo hukutaka zihuzunike?

Nawapelekea majirani madumu mawili ya maji. Sijui nimpe nani nimwache nani.

~~Plagi nitairudisha jioni.~~ Plagi utaipata nguzo ikirudi mahali pake. Mdogo wako akusaidie kuibeba. Usiipige nyundo, itapasuka. Baba yenu aliishindilia kwa miguu, wewe ukiwa mgongoni kwake unacheka.

Daftari nimeliacha wazi hapa. Namba ya leo nimeikata. Andika wewe ya kweli, hata kama ni sifuri.

Mama yenu